Tupeane uzoefu: tiba ya sindano za Kichina (akupancha), nani imemsaidia na nani haikumsaidia?

Mleta mada, Morogoro
Habari zenu wanajukwaa. Mama yangu ana miaka sitini na ushee, magoti yanamtesa. Vidonge vya maumivu vya diklofenaki ametumia mpaka tumbo likaanza kumsumbua, daktari akazikataza. Sasa shangazi anamshawishi aende Dar kwa wataalamu wa Kichina wakamchome sindano. Mimi sipingi, ila sitaki mama apoteze hela na matumaini kwa mpigo mmoja. Naomba aliyefanyiwa mwenyewe, au aliyempeleka mtu wake, atueleze: ulienda na tatizo gani, siku ya kwanza walikufanya nini, inauma kiasi gani, na mwisho wake ukawaje. Wauza dawa naomba uzi huu muupite.

Dereva wa Tunduma
Mkuu, pole na mama. Mimi naendesha semi, kiuno kilinikamata nikawa nashuka kwenye gari kwa kujishikilia mlango. Hospitali nilipigwa picha ya MRI kwanza, wakaniambia hakuna cha kupasua, nifanye mazoezi na nipunguze kukaa. Kupunguza kukaa kwa dereva wa masafa ni kuacha kazi, kwa hiyo nikaenda kwenye sindano.

Siku ya kwanza maswali yalikuwa mengi kuliko sindano. Nalalaje usingizi, choo kikoje, nikinywa maji baridi najisikiaje. Akanitazama ulimi, akanishika mapigo mikono yote miwili kwa muda mrefu bila kusema neno. Halafu nikalala kifudifudi, akanifuta kwa spiriti. Kila sindano inakuja ndani ya kijibomba chembamba cha plastiki. Anakiweka kwenye ngozi, anagonga kwa kidole, tayari imeingia. Sindano zenyewe ni nyembamba kama unywele, hazina tundu la dawa, usizifikirie zile za kwinini. Kuingia sikuisikia. Nilichosikia ni pale alipoanza kuizungusha: uzito fulani unazama ndani, na ganzi inashuka mguuni. Akaniambia niseme nikiusikia, maana huo ndio anaoutafuta.

Kilichonishangaza ni kwamba nyingine alichoma nyuma ya magoti, wakati mimi naumwa kiuno. Kisha akaunganisha waya ndogo kwenye sindano mbili tatu, akawasha mashine, nyama zikaanza kurukaruka zenyewe taratibu. Nikaachwa hivyo kama nusu saa, nikapitiwa na usingizi. Ukitoka mwili umelegea, kwa hiyo nawashauri madereva wenzangu siku hiyo usishike usukani, tafuta mtu akuendeshe.

Matokeo: mara ya kwanza nafuu ya siku moja ikaisha. Nilivyoendelea wiki hadi wiki, nafuu ikawa inakaa. Leo nafika Mbeya bila kumeza kidonge. Lakini nasema ukweli mbele ya mama wa mwenzetu: muda wote huo nilikuwa nafanya pia mazoezi niliyofundishwa na mtu wa viungo, kila asubuhi pembeni ya gari. Siwezi kuapa ni kipi kilichofanya kazi zaidi. Na nikibeba turubai vibaya, maumivu yanarudi.

Nesi wa Zamu
Asante kaka kwa maelezo mazuri. Naongezea upande wa usalama, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Sindano lazima iwe ya kutumika mara moja, na paketi ichanwe mbele ya macho yako. Ukiona zinatolewa kwenye kopo au kwenye sahani ya spiriti, vaa viatu uondoke. Homa ya ini na VVU havina urafiki. Zikishachomolewa ziende moja kwa moja kwenye sefti boksi, lile boksi gumu la kutupia sindano zilizotumika. Omba pia azihesabu wakati wa kutoa, maana ile iliyojificha kwenye nywele au nyuma ya bega husahaulika.

Vya kawaida: tone la damu, alama ya bluu, kizunguzungu kidogo hasa ukienda na njaa. Kula kitu chepesi kabla. Kisicho cha kawaida ni kubanwa pumzi au kuchomwa na maumivu ya kifua baada ya kudungwa sehemu za kifua, mgongo wa juu au bega. Ni nadra, lakini sindano ikienda ndani sana inaweza kutoboa pafu. Hilo halisubiri kesho, nenda hospitali usiku huohuo.

Mama wa Kisauni
Mwanangu mleta mada, mimi ni mtu wa Mombasa, niko Birmingham miaka sasa. Maradhi yangu ni kipandauso. Kikinishika nafunga mapazia, hata harufu ya mchuzi siitaki. Vidonge vya kuzuia nilipewa, vikanifanya nisahau maneno katikati ya mazungumzo, nikavirudisha. Huku Uingereza mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, tangu 2012 unaruhusu sindano kwa maumivu ya kichwa ya kukaza, na kwa kipandauso pale dawa za kuzuia zikishindikana, hadi mara 10 ndani ya wiki 5 hadi 8. Nilichomwa baina ya kidole gumba na cha shahada, shingoni, na miguuni. Ile ya mkononi wallahi iliniuma kidogo, nyingine hapana.

Kichwa hakikwisha, nisikudanganye. Ila zamani kilikuwa kinanishika kila wiki, sasa hupita hata mwezi. Kwangu hiyo ni neema kubwa, nimerudi kupika harusini kwa watu. Lakini muuguzi wangu aliniambia wazi tangu mwanzo: hii ni ya kupunguza idadi, si ya kukomesha. Mwambie mama yako vivyo hivyo kabla hajapanda basi.

Mtwara Kusini
Mimi nilichomwa masikioni niache sigara. Haikunisaidia kitu, niliwasha nyingine kituo cha basi. Dada yangu alipokuwa kwenye dawa za saratani ndiye aliyefaidika: alichomwa juu kidogo ya kifundo cha mkono upande wa ndani, vidole vitatu kutoka kwenye mkunjo, katikati ya ile mishipa miwili migumu. Kichefuchefu kilipungua akaweza kunywa uji. Dawa zake za hospitali hakuacha hata moja.

Mpemba wa Chake
Assalaam alaykum. Mimi nina uchungu na jambo hili, naomba mnisikilize. Baba alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala. Tukapelekwa kwa mtu mmoja mwenye chumba cha sindano, akatuhakikishia baba atatembea, na akasema dawa za presha zinazuia sindano zisifanye kazi, aziache. Presha ikapanda mpaka tukamrudisha hospitali anatapika. Pale alikuwepo daktari wa Kichina wa serikali, katika wale ambao timu zao zinakuja visiwani tangu 1964. Yeye mwenyewe anachoma sindano, na ndiye aliyekasirika kuliko wote. Alisema mgonjwa wa kiharusi asiyemeza dawa ya presha anasubiri kiharusi cha pili.

Baba leo anatembea na mkongojo. Kilichomtembeza ni mazoezi ya kila siku, kaka yangu mmoja huku na mimi huku, ukumbini, asubuhi na jioni. Sindano za huyo daktari zilimpunguzia maumivu ya bega lililokufa, akawa analala. Hilo nalishukuru. Lakini yeyote atakayekwambia acha dawa za hospitali, ondoka kwake, hata kama ameshapokea hela yako.

Mwanafunzi Guangzhou
Poleni sana ndugu yangu wa Pemba. Nasoma udaktari huku. Hospitali niliyopo, chumba cha sindano kiko jengo moja na mashine ya MRI, na mgonjwa hupimwa kwanza. Wachina wenyewe wanakuja na shingo, bega, kiuno, uso uliopooza upande mmoja. Sijaona anayekuja kutibu malaria au kuacha insulini.

Utafiti nao tusiufiche. Mwaka 2012 walijumlisha majaribio ya wagonjwa karibu 18,000 wenye maumivu sugu ya mgongo, shingo, magoti na kichwa. Waliochomwa walipata nafuu kubwa kuliko wasiochomwa. Lakini waliochomwa kwa namna ya uongo, yaani sindano za kuigiza za kulinganishia, nao walipata nafuu, na tofauti yao na wa kweli ilikuwa ndogo. Kwa hiyo sehemu ya nafuu ni sindano, na sehemu ni kulazwa kimya, kuguswa na kusikilizwa. Kwa magoti hasa, wakubwa hawakubaliani: madaktari wa viungo wa Marekani mwaka 2019 walisema mgonjwa anaweza kujaribu, Waingereza mwaka 2022 wakasema isitolewe. Wote wanakubaliana kwenye mazoezi ya kuimarisha paja na kupunguza uzito.

Mleta mada, Morogoro
Nawashukuru sana, nimemsomea mama uzi wote na amesikiliza mpaka mwisho. Tumekubaliana aanze mazoezi, na sindano ajaribu kwa muda, zisipomsaidia tunaacha. Nesi, swali moja: mama anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa ajili ya valvu ya moyo. Vipi hapo?

Nesi wa Zamu
Hapo umeuliza la maana kaka. Asichomwe kabla daktari wake wa moyo hajajua, na apime INR, kile kipimo cha damu inavyoganda, karibuni, aende na majibu mkononi. INR ikiwa juu asubiri. Amwambie mchomaji kabla hajavua viatu, ili asidunge kwa kina na akandamize kila tundu kwa pamba muda mrefu zaidi. Kama amewekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, ile mashine ya umeme aliyoieleza dereva isiwashwe kwake. Na wakimpa mitishamba ya kuchemsha aondoke nayo, asiinywe. Mingi inagongana na warfarini.