Watu 12 Munich–Regensburg (Ujerumani) kwa siku moja: tiketi gani, na tuanzie wapi?

Mratibu_Safari
Habarini wadau. Kikundi cha watu 12, Jumamosi, kutoka Munich asubuhi na kurudi jioni. Wazee wawili wanatembea polepole, watano hawali nguruwe. Tiketi ipi ina nafuu? Na Walhalla, lile jengo la kumbukumbu mlimani nje ya Regensburg, iongezwe au iachwe?

Reli_Tu
Bayern-Ticket, tiketi ya siku moja ya treni za kawaida katika jimbo la Bavaria. Moja hubeba watu wasiozidi 5, kwa hiyo mnahitaji 3. Mtu wa kwanza ana bei yake, kisha kila anayeongezeka ana nyongeza ileile, hivyo 5+5+2 na 4+4+4 zinagharimu sawa. Gaweni kwa kuangalia nani atarudi na nani, maana tiketi haikatwi vipande: mmoja akitaka kubaki mjini, ama wenzake wamsubiri, ama ajinunulie nyingine. Majina ya wote yaandikwe kabla ya kupanda, na vitambulisho viwe mfukoni.

Kwanza ulizeni nani ana Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima. Huyo hahesabiwi. Wakipatikana wawili mnabaki 10, na tiketi ya tatu haina kazi tena.

Jumamosi Bayern-Ticket inatumika tangu usiku wa manane. Siku za kazi huanza kutumika saa tatu asubuhi, na hapo ndipo wengi hunaswa kwenye treni ya saa mbili na nusu. Pandeni RE au RB tu, yaani treni za kawaida za mkoa. Ukiingia ICE, treni ya kasi, ni kama huna tiketi, na faini huanzia euro 60 kwa kila mtu.

Safari ni kama saa moja na nusu. Someni ubao wa jukwaani vizuri: baadhi ya treni zinazopita Landshut, mji wa njiani, huishia Passau, si Regensburg. Mkikosea, shukeni Landshut hapohapo. Fikeni dakika 20 kabla na mpande behewa la mwisho. Watu hujazana karibu na ngazi.

Mawe_na_Mto
Kutoka stesheni fuateni Maximilianstraße moja kwa moja, kama dakika 15 kwa mwendo wa wazee, na ni tambarare. Taabu ni vichochoro vya mawe: viatu vyenye soli nene, na gari la mtoto lenye magurudumu madogo liachwe nyumbani.

Anzeni na Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro kabla makundi ya watalii wa meli hayajafika. Minara yake ina mita 105, ingawa ilikamilika mwaka 1869 tu. Nyuma yake kuna Porta Praetoria, mabaki ya lango la kambi ya Warumi ya mwaka 179, yamemezwa na ukuta wa jengo. Wengi hulipita bila kuliona, na kulitazama ni bure. Kisha Steinerne Brücke, daraja la mawe lililojengwa 1135–1146. Magari hayapiti, lina mwinuko mdogo katikati, na picha nzuri ya mji hupatikana ukiwa ng'ambo, Stadtamhof.

Reichssaal, ukumbi wa bunge la Dola Takatifu ya Kirumi lililokaa 1663–1806, hauingiwi bila mwongozaji na nafasi ni chache. Wekeni nafasi mapema, la sivyo mtaishia mlangoni.

Walhalla iacheni. Meli peke yake ni kama dakika 45 kwenda, halafu kutoka mtoni kuna ngazi 358. Kwa wazee wenu hapana.

Jiko_Halali
Kile kibanda cha soseji kando ya daraja, Wurstkuchl, ni kitimoto. Hao watano watafutiwe falafeli au samaki. Duka la kebabu si lazima liwe halali, muulize muuzaji kabla ya kuagiza. Meza ya watu 12 saa saba mchana siku ya Jumamosi haipatikani bila kupiga simu. Afadhali mle saa tano na nusu au saa nane na nusu. Bebeni sarafu za choo, na pesa taslimu kidogo.

Reli_Tu
Nyongeza: kama ni mwishoni mwa Septemba, Oktoberfest, tamasha la bia la Munich, hujaza treni za asubuhi kuelekea Munich, nanyi mnakwenda upande wa pili. Jioni walevi hutoka Munich, kwa hiyo kasheshe mtaikuta stesheni ya huko mkifika. Chukueni ya saa kumi na moja, msingoje ya saa mbili usiku.