Taa za mbele zinafifia usiku na alteneta nimeshabadilisha, naombeni ushauri

Dereva wa Viazi

Wakuu, habari za jioni. Nina lori la dizeli la tani 4, umeme wake ni volti 24, betri mbili za 12 zimeungwa mfululizo. Nabeba viazi Njombe kupeleka Dar, kwa hiyo hifadhi ya Mikumi mara nyingi naipita usiku.

Miezi miwili sasa taa za mbele zimekuwa hafifu. Nikiwasha waipa zinazidi kufifia, nikiwasha na feni ya hita ndiyo balaa, na mshale wa joto la injini unaruka wakati injini haijachemka. Juzi ndani ya hifadhi utingo wangu ndiye aliyewaona pundamilia wamesimama ukingoni mwa lami. Mimi sikuwa nimewaona kabisa. Tangu siku hiyo sina raha na safari ya usiku.

Fundi wa kwanza alisema alteneta, ile inayochaji betri, imekufa. Nikanunua ya mtumba, ikafungwa, hali ni ileile. Wa pili anataka kuchomoa teminali ya betri gari likiwa linawaka, aone kama litazima. Nimemwambia asubiri kwanza niulize. Nifanye nini?

Fundi Umeme Uyole

Kaka, hapo kwenye teminali umeokoa pesa. Usimruhusu. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiichomoa injini ikiwa inawaka, volti zinaruka juu ghafla, zinaua dayodi za alteneta, katauti (inayodhibiti chaji) na hata balbu. Tena kwa dizeli ya pampu ya kawaida kipimo hicho hakikuambii chochote. Injini haihitaji cheche, itaendelea kunguruma hata kama alteneta haichaji kitu. Ndiyo maana wenye dizeli wengi hugundua alteneta imekufa usiku, taa zinapoisha kabisa.

Nijibu mawili. Ukikanyaga mafuta kutoka sailensa, yaani injini ikinguruma taratibu gari limesimama, taa zinang'aa zaidi au zinabaki vilevile? Na una mita ya kupimia umeme?

Dereva wa Viazi

Zinabaki vilevile, labda kidogo sana. Mita ninayo, ile ndogo ya njano ya dukani.

Mama Lori

Mdogo wangu, mimi nina magari mawili ya aina hiyo. Kabla hujaenda mbali angalia mkanda wa alteneta. Ukilegea unateleza, taa zinafifia, na asubuhi utausikia unalia. Halafu kwenye haya magari madogo yenye breki za vakyumu, pampu ya vakyumu mara nyingi imekaa nyuma ya alteneta. Mkanda ukikatika hupotezi chaji peke yake, breki nazo zinakuwa ngumu kama jiwe. Wewe unashuka mlima Kitonga na mzigo. Naomba sana uukague huo mkanda leo, kabla ya kitu kingine.

Dereva wa Viazi

Asante dada. Nimeukagua sasa hivi na tochi. Ni mpya, umebana vizuri, na nyuma ya alteneta hakuna oili inayovuja.

Fundi Umeme Uyole

Dada amesema la maana. Hiyo pampu ikivujisha oili ndani, kaboni zinazopitisha umeme ndani ya alteneta zinalowa na chaji inapotea, kwa hiyo ni vizuri umeangalia.

Sasa tupime. Washa injini, washa taa kubwa, waipa na feni. Mita iweke kwenye volti za DC. Kwanza pima kwenye betri zote mbili kwa pamoja, kutoka chanya ya mwisho hadi hasi ya mwisho. Gari la 24 linalochaji vizuri litakupa kati ya 27.5 na 28.5. Ukikuta 24 na kitu na inazidi kushuka, hapo turudi kwenye alteneta.

Kisha nenda kwenye soketi ya balbu, usiichomoe, gusa teminali zake kwa nyuma. Waya mmoja wa mita kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye chanya ya balbu, soma. Hamia upande wa pili: hasi ya betri na eathi ya balbu (waya wake wa kurudisha umeme), soma. Namba utakazopata ni volti zinazopotea njiani. Upande wa eathi ukizidi nusu volti, kuna tatizo. Niletee namba, usiniletee "inasoma vizuri".

Pwani Diesel

Niko Mombasa. Huku chumvi inakula kila kitu, makanika wa stima huanza na unga wa kijani kwenye teminali na kwenye soketi za taa. Njombe hakuna bahari lakini kuna mvua, fungua hizo soketi uone. Swali moja: kebo ya pedali ya mafuta imewahi kuwa nzito au kuharibika?

Dereva wa Viazi

Mkuu umejuaje? Nimeibadilisha mwezi uliopita, plastiki ya ndani ilikuwa imelainika kama imepikwa. Fundi akasema ni joto la injini.

Pwani Diesel

Si joto la injini. Kebini imekaa juu ya raba, haigusani na chasisi chuma kwa chuma. Umeme wa taa, waipa na feni unarudi kwenye betri kupitia mkanda wa eathi unaounganisha kebini na chasisi. Mkanda ukifa, umeme unatafuta chuma kingine chochote kinachotoka kwenye kebini kwenda kwenye injini, na kebo ya mafuta ni mojawapo. Inageuka waya wa umeme. Washa kila kitu kwa dakika kumi, kisha uishike.

Dereva wa Viazi

Nimerudi na namba. Kwenye betri 27.8. Upande wa chanya zinapotea 0.6. Upande wa eathi zinapotea 4.3! Nimerudia mara tatu. Na kebo ina joto, injini ilikuwa bado haijapata moto.

Fundi Umeme Uyole

Basi. Toa 0.6 na 4.3 kwenye 27.8, balbu yako inapata 22.9. Watu wanadhani volti 5 ni kidogo. Mwanga wa balbu ya waya unaanguka haraka kuliko volti: zikipungua asilimia 10, mwanga unapungua karibu asilimia 30. Wewe umekuwa ukiendesha na takribani nusu ya mwanga wako. Mshale wa joto unaruka kwa sababu hiyohiyo, geji inategemea eathi ya kebini.

Inua kebini, tafuta mkanda wa eathi, mara nyingi uko karibu na bawaba za mbele au nyuma ya injini. Kebini imewahi kupigwa rangi?

Dereva wa Viazi

Mwezi wa kwanza. Ilichomelewa sakafu, ikapigwa rangi yote.

Nimeinua. Mkanda upo, lakini bolti imefungwa juu ya rangi, na upande wa chasisi nyuzi zimekatika, zimebaki kama nne hivi. Nimezishika, zilikuwa za moto.

Fundi Umeme Uyole

Usiunganishe hizo nyuzi. Funga waya mpya mnene wa betri. Kwangua rangi pande zote mbili mpaka chuma king'ae, kaza bolti, ndipo upake grisi juu yake. Ukipaka grisi au rangi kabla ya kukaza unarudi ulikotoka. Na ukague pia ule wa kutoka hasi ya betri kwenda chasisi, na wa injini kwenda chasisi.

Dereva wa Viazi

Kazi imeisha saa kumi jioni. Eathi sasa inapoteza 0.2. Mshale wa joto umetulia hata nikiwasha waipa. Wakuu, nimewasha taa ukutani kwa jirani, mke wangu ametoka nje kuuliza nani amekuja.

Nina moja la mwisho. Betri moja maji yanaisha kila baada ya wiki mbili, nyingine haitunzi chaji. Redio yangu ni ya volti 12, imechukua umeme kwenye betri moja.

Mama Lori

Ndiyo hiyo redio, mdogo wangu. Zangu mbili zilikufa hivyohivyo. Betri yenye redio inanyonywa kila siku na haijai, mwenzake inachajiwa kupita kiasi na kuchemka, ndiyo inayokula maji. Alteneta inaona jumla ya 28 tu, haijui nani ana njaa. Nunua konvata ya 24 kwenda 12, redio na chaja ya simu vyote vipite hapo.

Fundi Umeme Uyole

Na ukibadilisha betri, badilisha zote mbili kwa pamoja, ukubwa mmoja na umri mmoja. Ile 0.6 ya upande wa chanya haikuzuii kusafiri, lakini inapitia swichi ya usukani. Ukirudi kutoka Dar weka rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo), waya na fyuzi moja kwa moja kutoka kwenye betri, swichi ibaki na kazi ya kuamrisha rilei tu. Ukinunua balbu hakikisha zimeandikwa 24V.

Dereva wa Viazi

Nimeelewa. Napakia kesho asubuhi, magunia 38. Nitawaandikia nikishapita Mikumi.

Dereva wa Viazi

Nimeshapita Mikumi, nimesimama Morogoro nakula. Twiga wawili ndani ya hifadhi, nimewaona mimi kwanza.