Waifai ya Ukumbi na Maji ya Bamvua

*Kikundi: Majirani wa Ukumbi, Lamu*

*Jumatatu, mwezi 15 (tarehe zote ni za mwezi mwandamo)*

Mama Mahamri: Asalaam alaykum jamaani. Waifai ya ukumbi imekufa ama ni simu yangu?

Dogo Langoni: Imekufa. Nilikuwa ukurasa wa mwisho wa fomu ya HELB, ya mkopo wa chuo. Wa MWISHO.

Bi Katibu: Wa alaykum salaam. Fundi, uko?

Fundi: Niko Matondoni. Zimeni ruta muwashe, swichi iko nyuma ya kabati la vitabu.

Mwalimu: Nimezima, nimehesabu hadi 30, nimewasha. Simu zinashika waifai vizuri. Intaneti ndiyo hakuna.

Fundi: Basi ruta haina kosa. Shida iko kwenye antena ya juu ya paa, au kwa wenye intaneti kule Mokowe, ng'ambo ya maji. Nawapigia.

Mwalimu: Acha, imerudi yenyewe. Saa tisa kasorobo hii.

Fundi: Nimeshawapata. Wameniambia nizime niwashe 😐

Mama Mahamri: Saa kumi na moja na robo, imekata tena. Nani anapakua filamu? Kila mtu na nafsi yake.

Dogo Langoni: Mbona mnanitazama mimi

*Jumanne*

Dogo Langoni: Leo mpya. Waifai naiona, naibonyeza, inaandika "inapata anwani" mpaka nazeeka. Na wenzangu wawili hivyo hivyo.

Mwalimu: Mimi niko ndani natumia vizuri tu.

Fundi: Hiyo ni shida nyingine kabisa, msizichanganye. Ruta yetu ina anwani 100, yaani namba za kugawia simu ili ziingie, na kila simu ikipewa moja hukaa nayo saa 24 hata kama mwenyewe kashaondoka. Sasa fikirieni: kila aliyewahi kuingia ukumbini, akipita tu barabara ya pwani na simu mfukoni, simu yake hujiunga yenyewe. Kapita dakika mbili kwenda kununua samaki, kachukua chumba siku nzima.

Mama Mahamri: Kama gesti.

Fundi: Kama gesti haswa Mama. Nimeingia kwa simu, nimeweka saa 1 badala ya 24. Dogo jaribu.

Dogo Langoni: Imeshika! Fundi wewe ni mtu

Dogo Langoni: Imekata. Saa tatu... samahani, saa tisa.

Ami Nahodha: Leo mwezi 16?

Bi Katibu: Ndiyo Ami. Kwani?

Ami Nahodha: Nauliza tu.

*Ijumaa, mwezi 19*

Fundi: Tazameni. [Picha] Kichwa cha kebo kilichoko juu, upande wa antena. Ile rangi ya kijani si rangi, ni shaba imeliwa na chumvi. Aliyefunga hakuacha kebo ining'inie kidogo kabla ya kuingia, maji ya mvua yanafuata waya mpaka ndani. Nimekata, nimefunga kichwa kipya, nimezungushia utepe wa mpira.

Bi Katibu: Mashallah. Gharama?

Fundi: Kichwa nilikuwa nacho. Nawadai dua.

Mwalimu: Na chumba cha nyuma cha watoto? Kule haifiki kabisa.

Fundi: Mwalimu, ule ukuta ni wa wazee, mawe ya bahari na chokaa, mkono mzima na zaidi. Mawimbi ya gigahazi 5 hayapiti pale. Ya 2.4 hupenya kidogo, waunge hiyo. Dawa yenyewe ni kuvuta kebo na kuweka kifaa cha pili mle ndani. Siku nyingine.

*Jumatatu, mwezi 22*

Mwalimu: Siku ya tatu haijakata hata mara moja.

Mama Mahamri: Fundi, pitia kwangu kesho asubuhi, mahamri na mbaazi ni juu yangu.

Fundi: 🙏 Kilikuwa kile kichwa. Nilijua.

Ami Nahodha: Ngojeni bamvua, maji makubwa.

Fundi: Ami kwa heshima zote, hii ni redio, si ngalawa 😂

Ami Nahodha: Haya.

*Jumatano, mwezi 1*

Dogo Langoni: IMEKATA. Saa nane kasorobo.

Mama Mahamri: Fundi, rudisha mahamri.

Mwalimu: Imerudi baada ya kama dakika 25. Imekata tena saa kumi na moja kasorobo.

Fundi: Kebo ni nzima, nimeipima. Stima iko. Kusema kweli nimeishiwa.

Ami Nahodha: [Sauti, dakika 2]

Mama Mahamri: Mimi niko jikoni, nani atuandikie?

Bi Katibu: Anasema hivi: yeye hukaa barazani mbele ya gati kila alasiri, na wajukuu huwa pale na simu zao. Waifai ikikata hupiga kelele. Wao wakipiga kelele, yeye hutazama maji. Kila mara maji huwa ngazi ile ile ya gati, ya nne kutoka juu. Yakipanda kuipita, waifai hurudi. Yakijaa sana, iko. Yakishuka yakafika tena ngazi ya nne, kelele. Anasema kila siku huchelewa kwa kama robo tatu ya saa, kama bahari inavyochelewa. Na ile wiki mliyompa Fundi mahamri yalikuwa maji mafu, hayakufika ngazi ya nne hata siku moja. Mwisho kasema kwa Kiamu chake, "Mai yakiyaa hayo, ndooni mwone wenyewe," yaani maji yakijaa, njooni.

Dogo Langoni: 😳

Fundi: Ngojeni.

Fundi: Nimetoa daftari langu. Mwezi 15 saa nane na robo. Mwezi 16 saa tisa. Mwezi 17 saa tisa na dakika 50. Subhanallah. Na mimi nikitafuta anayepakua filamu.

Mwalimu: Lakini maji yanaingiaje kwenye waifai? Antena iko juu ya paa!

Fundi: Hayaingii. Mawimbi kutoka mnara wa Mokowe yanatufikia kwa njia mbili. Moja imenyooka hewani. Nyingine inapiga uso wa maji na kudunda, kama jua linavyokupiga machoni kutoka baharini. Njia ya kudunda ni ndefu kidogo. Wimbi letu lina urefu wa sentimita 5 hivi, vidole vitatu. Zile njia mbili zikifika pamoja, moja ikipanda wakati nyingine inashuka, zinafutana. Maji yakipanda au kushuka, urefu wa ile njia ya pili unabadilika, ndiyo maana kuna kina kimoja tu kinachotuua, juu yake na chini yake ni salama.

Ami Nahodha: Na bahari ikiwa shwari ni mbaya zaidi.

Fundi: Kweli Ami. Ikichafuka, mawimbi ya bahari hutawanya ule mdundo. Umejuaje?

Ami Nahodha: Siku za upepo watoto hawapigi kelele sana.

Bi Katibu: Dawa?

Fundi: Ziko mbili. Kufunga antena ya pili chini ya ile, moja ikizama nyingine ishike. Ghali. Au kunyanyua hii tuliyo nayo, ili kile kina kibaya kisogee juu kuliko maji yanavyoweza kufika. Nahitaji bomba la chuma, mita moja na kidogo.

Ami Nahodha: Bomba ninalo. Na mlingoti nitausimamisha mimi, wewe utafunga waya.

*Ijumaa, mwezi 3*

Bi Katibu: Fundi na Ami Nahodha washapanda. Wajukuu wawili wako gatini wanatazama ngazi. Mwalimu yuko kwenye kompyuta.

Mwalimu: Nguvu ya mawimbi ni hasi 62. Fundi ameniambia namba ikikua ndiyo inafifia.

Dogo Langoni: Maji ngazi ya tano.

Mwalimu: Hasi 66. Hasi 70.

Dogo Langoni: Yanagusa ya nne!!

Mwalimu: Hasi 81. Imekata. Saa tisa na robo.

Mama Mahamri: Kwa mara ya kwanza nafurahi imekata.

Bi Katibu: Wanalegeza kamba. Ami anamfokea Fundi kuhusu fundo. Antena inapanda.

Mwalimu: Hasi 76

Mwalimu: Hasi 69

Mwalimu: Hasi 64. IMERUDI na maji bado yako ngazi ya nne.

Fundi: Nimefunga hapo. Ami amekataa fundo langu, kafunga lake. Sasa tusubiri yajae.

Dogo Langoni: Kumi na moja kasorobo, maji yamefika ngazi ya tatu. Natuma video kwa waifai.

Mwalimu: Hasi 67. Imefifia kidogo, haikukata.

Fundi: Hiyo naikubali. Mwezi 15 na 16 tutaitazama tena, bamvua nyingine huwa kubwa kuliko hii. Ikizidi nitaongeza shibri mbili.

Bi Katibu: Gharama zote: boliti nne na rangi ya kuzuia kutu. Nitatuma hesabu usiku. Rangi ni lazima, bomba la Ami lilikuwa la chombo, limeshaanza kutu.

Ami Nahodha: Kutu hiyo ina miaka mingi kuliko Fundi.

Mama Mahamri: Mbaazi zipo jikoni. Safari hii Ami ndiye anayeanza kupakua.

Dogo Langoni: Na fomu yangu imepita 😭 Sasa nani ana chaja?