Tupeane uzoefu: njia za miguu za Gombe na Mahale, milima inayoanzia majini

Mtoa mada

Habari zenu wakuu, na shikamoo kwa wakubwa zangu.

Gombe na Mahale ni hifadhi zetu mbili za mwambao wa Ziwa Tanganyika, Kigoma. Gombe ikitajwa, mazungumzo ni sokwe mtu. Mahale ikitajwa, sokwe mtu tena. Nimekwenda, nimewaona, na namshukuru Mungu. Lakini kilichobaki mwilini mwangu wiki nzima baada ya kurudi Dar ni njia yenyewe: magoti, kucha za vidole gumba, na mikwaruzo ya kushika mizizi. Kabla ya safari niliambiwa tu "utatembea kidogo msituni", nikavaa raba za mjini zenye soli laini.

Pale Gombe, Ziwa Tanganyika liko kama mita 773 kutoka usawa wa bahari, na kingo za bonde la ufa zilizo nyuma ya hifadhi zinafika mita 1,500 hivi. Kati ya maji na kingo hizo ni kilomita chache mno. Unashuka kwenye boti, unavuka mchanga na kokoto, na kabla hujatoa jasho la kwanza mlima umeshakusimamia usoni.

Mimi nilikwenda Agosti, nikafikia Kasekela, kambi ya ufukweni. Asubuhi tulifuata bonde la Kakombe mpaka kwenye maporomoko. Hiyo ni njia ya kiungwana: kivuli mwanzo hadi mwisho, kijito kinaongea pembeni, na ukifika unakuta maji yanajimwaga kati ya kuta za mwamba, upepo wake unatikisa mimea inayoning'inia. Nikadhani mambo ndiyo hayo. Mara mwongozaji akapata taarifa kwenye redio kwamba sokwe wako juu, mgongo wa upande wa bonde la Mkenke. Hapo njia ikaisha. Sokwe anapita chini ya mitambaazi ambako mtu mzima hapiti ila kwa tumbo, nasi tukapita hivyo hivyo, tukitoka tunakutana na mteremko wa changarawe unaorudisha nyuma kila hatua. Tulipofika nilikuwa nimeishiwa maji. Chupa moja ya lita moja, watu wangu! Mwongozaji alinigawia yake, na mpaka leo naona aibu, maana naye alikuwa na kazi ya kutwa nzima.

Sasa nanyi tuelezeni njia mlizopita. Bonde gani, mwezi gani, mlivaa nini, mlikwama wapi.

Wa Kibirizi

Mkuu, umeanzia katikati. Safari ya Gombe inaanzia kwenye boti, na boti ndiyo inayokupangia muda wa kutembea.

Wanaokodi boti yao wanatoka saa wanayotaka. Sisi wengine tunapanda boti za abiria pale Kibirizi, ufukweni Kigoma, zile zinazowapeleka watu vijiji vya kaskazini kama Mwamgongo. Zinaondoka mchana, na boti ikishajaa watu, mifuko ya unga, madumu ya mafuta na magodoro, mwendo wake ni wa pole. Kurudi ni asubuhi. Kwa hiyo anayetumia boti ya abiria ajue analala Gombe, na akitaka kupanda mpaka juu kabisa alale siku mbili. Nimewaona watu wamefika alasiri, wakataka wapande na kushuka kabla ya giza ili kesho yake wawahi boti. Mlima ule haukubali hesabu hiyo.

La pili, viatu. Miezi ya kiangazi upepo ukiamka ziwa linachafuka, na maji yanaingia botini. Mimi nilianza kupanda na soksi zilizolowa, nikapata malengelenge kabla ya saa nne asubuhi. Tangu siku hiyo viatu vya mlima navifunga kwenye mfuko usiopitisha maji, nasafiri na kandambili. Na jaketi la kujiokolea livaeni, msilikalie. Nimezaliwa ufukweni, naogelea tangu mdogo, na ninalivaa.

Wale mliokwenda zamani mkumbuke pia kwamba miaka ya 2020 na 2021 ziwa lilipanda sana. Huku kwetu maji yaliingia hadi kwenye vibanda vya watu. Niliporudi Gombe baada ya hapo nilikuta sehemu za pwani tulizokuwa tukipita pakavu, sasa unapita maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, na mawe yana utelezi.

Mama wa Ujiji

Marahaba wanangu.

Mimi nimezaliwa Ujiji, nimesomea Kigoma, nimeuza mawese na dagaa maisha yangu yote, na Gombe sikuwahi kukanyaga mpaka nilipofika miaka 58. Nilidhani ni mahali pa Wazungu. Binti yangu ndiye aliyenilipia. Kiingilio cha sisi raia ni kidogo sana ukilinganisha na cha wageni, ila malipo wanayafanya kwa namba ya malipo, huendi na noti mkononi, kwa hiyo mtu kama mimi inabidi awe na kijana wake wa kumsaidia.

Sikufika juu. Nasema mapema ili asije mtu akaniuliza. Nilikwenda hadi kwenye maporomoko ya Kakombe, polepole, na fimbo ya mti aliyonikatia mwongozaji, tukapumzika kila penye jiwe la kukalia. Njiani nikaona michikichi. Imejiotea humo bondeni katikati ya msitu, na hakuna wa kuichuma isipokuwa wanyama. Mimi mchikichi naujua kama ninavyoujua mlango wangu. Nikamwambia yule kijana, hapa palikuwa na watu. Akasema ndiyo mama, zamani palikuwa na watu kabla hapajawa hifadhi. Nilikaa pale nikawaza sana.

Binti yangu aliendelea na wenzake hadi Kilele cha Jane, pale ambapo Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alikuwa akikaa na darubini yake alipokuja mwaka 1960, akiwa na miaka 26, na mama yake mzazi yuko chini ufukweni kambini. Nilipoambiwa habari ya huyo mama nikafurahi. Na mimi nilikuwa chini namsubiri wangu.

Angalizo moja: nyani wa pale pwani wamezoea watu mno. Usitembee na ndizi wala mkate mkononi, na mlango wa chumba ufungwe. Mimi walinichukulia mfuko wa maandazi mbele ya macho yangu.

Mbeba mizigo mstaafu

Nimefanya kazi ya kubeba mizigo ya wageni kwenye milima ya mwambao huu miaka mingi. Shikamoo mama wa Ujiji, umesema vizuri.

Watu wengi wanajiandaa kwa kupanda. Kupanda kunachosha pumzi tu. Kinachoumiza ni kushuka, na karibu kila aliyeumia mikononi mwangu aliumia akishuka, tena mchana, wakati amekwisha kuona alichokuja kuona na akili yake iko kwenye chakula.

Kiangazi majani ya miombo yanakauka na kulala juu ya changarawe. Ukiyakanyaga ni kama umekanyaga punje za mahindi juu ya sakafu. Masika changarawe inashika vizuri kidogo, lakini udongo wa njia unakuwa sabuni, na mawe ya vijito yanaota ukoga. Kwa hiyo utelezi upo mwaka mzima, unabadilika sura tu. Mimi nawashusha watu ubavu-ubavu, mguu wa chini umelala kwa upana, goti limelegea, fimbo iko upande wa juu wa mlima. Fimbo ikiwa upande wa bonde na ukaiegemea, ikiteleza unakwenda nayo. Kata kucha za miguu siku moja kabla. Kaza kamba za viatu upya unapoanza kushuka, hata kama zilikuwa zimekaa sawa.

Usishike kitu usichokitazama. Kuna upupu. Maganda yake yakikauka, ukipita tu na kuyagusa utajikuna mpaka ulie, na maji yanazidisha. Mgeni wangu mmoja alishika tawi lenye upupu, kisha akajifuta jasho usoni. Tulikaa naye karibu saa nzima. Siafu nao, ukiona mwongozaji ameruka bila kusema neno, nawe ruka, utauliza baadaye. Suruali iingie ndani ya soksi.

Maji, lita tatu kwa mtu mzima. Hewa ya mabondeni ina unyevu, jasho halikauki, mtu hajui kama amepoteza maji mpaka kichwa kianze kugonga.

Na mwenye mafua abaki kambini. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona watu wakificha kikohozi ili wasirudishwe. Magonjwa yetu yanawaingia sokwe. Mwaka 1966 polio iliwapiga sokwe wa Gombe, wengine wakafa, wengine wakabaki na viungo vilivyopooza. Ndiyo maana tunavaa barakoa na kukaa mbali mita 10. Mtu akitoka Dar na nauli yake yote halafu akaambiwa asipande, inauma, najua. Abaki.

Msafiri wa Nkungwe

Nyote mmezungumzia Gombe. Niwape Mahale.

Gombe unaiona kwa siku mbili na ni hifadhi ndogo. Mahale ni kilomita za mraba 1,613, iko zaidi ya kilomita 100 kusini mwa Kigoma, na ndani yake hakuna barabara ya gari. Unafika kwa boti au kwa ndege ndogo, na ukishafika, kila kitu ni miguu. Ukienda kuona sokwe tu, utatembea kwenye vijia vya Kasoge, eneo la msitu karibu na ziwa. Vingi vilifyekwa na watafiti wa Kijapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto, ambao wako pale tangu 1965, ili waweze kuwafuata sokwe. Vijia hivyo ni vizuri kuliko vya Gombe kwa maoni yangu, vina kivuli kizito na miinuko yake ya chini si mikali.

Mimi nilitaka kilele. Nkungwe, kilele cha juu kabisa cha Mahale, ni mita 2,462. Kutoka ziwani ni karibu mita 1,700 za kupanda, na tulitumia siku tatu, kwenda na kurudi. Hupandi peke yako. Tulikuwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu kuna nyati na chui, na wabeba mizigo wawili, mmoja wao Mtongwe, kabila la wenyeji wa huko.

Siku ya kwanza ni joto la bondeni, kisha unaingia miombo, jua linakupiga kichwani bila huruma. Siku ya pili mambo yanageuka. Ukungu unaingia, miti inavaa ukoga, unapita kwenye mianzi, na unasikia baridi ambayo mtu wa Kigoma hakuitarajia. Nilikuwa na sweta moja, likalowa. Usiku nilivaa kila nilichobeba na bado nilitetemeka. Kwa hiyo mtu asidanganywe na joto la ufukweni: beba nguo kavu ya usiku, ifunge mbali na maji, na usiiguse mchana hata kukitokea nini.

Kabla ya kilele yule Mtongwe alituomba tupunguze sauti. Mlima huu kwa Watongwe ni mahali pa mizimu yao, wazee wao walikuja kutambika. Alisema kwa upole, hakutulazimisha. Mwenzetu mmoja alikuwa ameshatoa simu ili apige picha huku akipiga kelele za ushindi. Akairudisha mfukoni. Tulikaa juu nusu saa, tukizungumza kwa sauti ya chini kama watu walio msibani. Ukungu ulifunguka mara moja tu. Tuliona ziwa lote chini yetu, na ng'ambo yake milima ya Kongo, rangi ya moshi. Kisha ukafunga.

Kushuka, goti la kulia lilianza kuuma nilipoingia miombo. Kama ningekuwa nimesoma maneno ya mzee wetu hapo juu kuhusu fimbo!

Mtoto wa Baraka

Salamu kwenu ndugu wa ng'ambo. Mie nilikulia Baraka, Fizi, upande wa Kongo, kisha nikaishi Nyarugusu, kambi ya wakimbizi huko Kigoma. Tulipokuwa watoto, kiangazi hewa ikiwa safi tuliona milima yenu asubuhi, na usiku tuliona taa za wavuvi wa dagaa, nyingi kama mji juu ya maji. Hatukujua jina la milima ile. Baba alisema tu "kule ni Tanganyika."

Mwaka jana nilifika Gombe na rafiki. Tulipanda mpaka kwenye nyasi za juu, nikageuka. Nilitafuta rasi ya Ubwari, ile ya upande wetu wa Kongo, nikaiona. Nilikaa chini. Mwongozaji alidhani nimechoka, akanipa maji.

Mtoa mada

Ndugu wa Baraka, nimesoma maneno yako mara tatu.

Mzee, nimenakili somo la kushuka kwenye daftari. Mama wa Ujiji, mama yangu ana miaka 61 na amekuwa akisema magoti yake hayawezi. Nimemsomea ulichoandika. Ameuliza kitu kimoja tu: hayo mawe ya kukalia njiani yako mangapi mpaka kwenye maporomoko, na yana kivuli?

Mama wa Ujiji

Mwanangu, sikuyahesabu, lakini hukosi pa kukaa. Kivuli kipo njia nzima. Mwambie aje Juni au Julai, kabla majani hayajakauka sana, na avae gauni lisiloburuza. Mkifika Kigoma mniambie, nitawapikia migebuka na ugali wa muhogo kabla hamjaenda Kibirizi.