Stripu ya mkojo inasoma damu 3+ lakini kasti hatuzioni. Figo ina inflamesheni au la?

Mtu_wa_Mashapo: Wadau, habari za kazi. Mgonjwa wa lupasi (kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe), stripu inatoa damu 3+ na protini 2+. Kwenye darubini chembe nyekundu ni za kuhesabu, kasti (vijiti vidogo vinavyofinyangwa ndani ya mirija ya figo) hakuna. Daktari anataka kujua kama figo bado inashambuliwa au ni makovu ya zamani. Tunazungusha mkojo mililita 5 kwenye sentrifuji, mizunguko 3000 kwa dakika, kwa dakika 10. Tunakosea wapi?

Darubini40: Mkuu, tatizo linaanzia kwenye hiyo 3000. Kasti za chembe nyekundu ni dhaifu, zinavunjika. Weka mililita 10 hadi 12, zungusha kwa 400 g (nguvu mara 400 ya mvutano wa dunia), dakika 5. Mashine yenye nusu kipenyo cha sentimita 16 inafika hapo kwa mizunguko 1500. Ya sentimita 10 inahitaji kama 1900, kwa hiyo pima yenu kwa rula. Breki usiguse, inatibua mashapo (chembe zilizotuama chini). Mwaga maji ya juu, bakiza nusu mililita, changanya taratibu kwa pipeti, kisha tone la maikrolita 20 chini ya kifuniko. Anza na lenzi ya 10, kondensa (lenzi ya mwanga chini ya slaidi) ishushwe na mwanga upunguzwe, la sivyo kasti zinazopitisha mwanga hutaziona kabisa. Pitia kingo za kifuniko, kasti hupenda kukimbilia huko.

Na mkojo ulikaa muda gani? Ukikaa mezani ukageuka alkali, chembe hupasuka na kasti huyeyuka, ila stripu bado inashika hemoglobini iliyomwagika. Usomwe ndani ya saa 2. Bora mkojo wa pili wa asubuhi, kwa sababu wa kwanza umelala kibofuni usiku kucha.

Kliniki_ya_Figo: Naongezea upande wa wodi. Protini peke yake haitamjibu daktari, maana kovu nalo huvujisha protini. Tafuteni kasti za chembe nyekundu, zile za rangi ya kahawia iliyoelekea chungwa, na akanthosaiti: chembe kama pete yenye vinundu pembeni. Zikifika 5% ya chembe nyekundu zote, damu hiyo inatoka kwenye vichujio vya figo. Andikeni hiyo asilimia kwenye majibu, tafadhali; "RBC nyingi" (chembe nyekundu nyingi) haitusaidii. Pimeni pia uwiano wa protini kwa kreatinini (taka ya misuli inayotoka na mkojo). Ukibaki 50 mg/mmol au zaidi, bayopsi (kuchukua kipande kidogo cha figo kukichunguza) inajadiliwa. Ila mashapo safi yasiwatulize kama protini ni nyingi, kwani lupasi ya figo daraja la 5 mara nyingi huwa na mashapo kimya, yaani yenye chembe na kasti chache.

Mtu_wa_Mashapo: Asante sana. Mkojo ulikaa karibu saa 4. Huku Kanda ya Ziwa kichocho kipo, nitatofautishaje?

Darubini40: Damu ya kibofuni huja na chembe zenye umbo la kawaida, bila kasti. Mayai yatafute kwenye mkojo wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Mwanamke muulize kwanza kama yuko hedhini. Na ukipata mkojo mbichi kabisa, stripu ikakazana na 3+ bila chembe hata moja, mwambie daktari afikirie hemoglobini ya damu inayovunjika mwilini, au mayoglobini ya misuli.

Kliniki_ya_Figo: Chembe nyeupe zikijaa na nitriti (dalili ya bakteria kwenye stripu) ipo, otesheni mkojo kwanza kutafuta bakteria kabla ya kuisingizia lupasi.