Tupeane uzoefu: Programu za kuchati kazini, zinaingiza pesa au zinakula bando tu?

BukingiSakina

Wakuu habari za jioni. Nipo upande wa bukingi kwenye kampuni ya utalii hapa Arusha. Ofisini tuko 11, madereva 9. Mwaka juzi bosi alirudi kutoka maonyesho ya utalii nje ya nchi na jambo lake: mazungumzo ya kazi yatoke WhatsApp, yahamie kwenye programu rasmi ya ofisi. Tukafungua toleo la bure. Wiki mbili za kwanza raha tupu. Kila safari ina chumba chake. Ukitaka kujua hoteli, saa ya geti au mgeni asiyekula nyama, unaingia humo unakuta.

Madereva hawakuja. Hawakugoma, walisema tu "nimeiona dada", halafu picha ya kilomita inatua kwenye grupu lile lile la zamani. Ukiwabana wanakwambia mke yupo WhatsApp, fundi wa gari yupo WhatsApp, mgeni mwenyewe yupo WhatsApp, huko kwingine amfuate nani?

Kilichonitoa jasho ni kingine. Februari familia moja ilituambia mtoto wao ana mzio wa karanga. Julai wanatua KIA, mama yake ananiuliza, "Lodji wanajua kuhusu karanga?" Nikajibu ndiyo kwa sauti ya kujiamini, nikageuka pembeni kutafuta. Hakuna kitu. Toleo la bure lilikuwa linaonyesha miezi mitatu ya mwisho tu, na hilo walituandikia tangu siku ya kujisajili, ni sisi hatukusoma. Nikapiga lodji pale pale nje, jikoni hawakuwa na habari yoyote.

Hebu semeni ukweli, kwenu zimedumu? Zimerudisha pesa?

MangiWaRau

Dada pole. Sisi ni wa kupandisha wageni mlima Kilimanjaro, ofisi iko Moshi mjini. Tatizo letu ni sauti. Kiongozi mkuu yuko kambi ya Karanga huko mlimani, upepo unavuma kama lori, anatuma sauti ya dakika nne. Ndani yake kuna mgumu (mpagazi) aliyeshushwa kwa kuumwa, mitungi ya gesi iliyobaki, malalamiko kuhusu mpishi, na salamu kwa mama yake mzazi. Mwisho wa safari nakaa na daftari kusikiliza sauti 60 ili nijue nani alishuka siku ya ngapi, maana malipo yanakwenda kwa siku. Sauti huwezi kuitafuta kwa neno. Nimewahi kulipa siku ambazo mtu alikuwa nyumbani kwake Machame anakunywa mbege. Nimewahi pia kumpunja aliyefika mpaka kambi ya Barafu na mzigo wake wa kilo 20, na huyo hakunyamaza, alikuja na kaka zake wawili.

Sasa hivi sheria ni moja: sauti tuma utakavyo, ila chini yake andika mstari mmoja, jina, siku, kambi. Hatukununua programu yoyote. Ugomvi wa malipo umebaki wa kuhesabika.

DerevaMstaafu

Vijana mnadhani haya mambo yameanza jana. Sisi tulikuwa na redio za magari, Serengeti yote inakusikia. Chui yuko mti gani, gari la nani limezama kwenye matope, nani ana jeki ya ziada. Wanyama tuliwapa majina ya kuficha ili mgeni asishtuke kabla hujafika, ukamkosa chui halafu akukunjie uso mpaka jioni. Bando hakuna. Mei 2024 zile kebo za baharini zilipokatika na intaneti ikalala, magari yenye redio yaliendelea kuongea huko porini kama kawaida.

Ila redio haina kumbukumbu, hilo nakubali. Ukibisha kwamba nilikwambia, tumemaliza, ni neno langu na lako.

FundiNjiro

Mzee kamaliza, ni hilo la kumbukumbu. Mimi nafunga mitandao maofisini, naomba niongeze kidogo. Hata Slack yenyewe, programu kubwa ya kuchati kazini, haikuzaliwa kama biashara ya kuchati. Kampuni ya Stewart Butterfield ilikuwa inatengeneza mchezo wa intaneti unaoitwa Glitch, mchezo ukafungwa mwaka 2012. Kilichobaki mkononi ni kile chombo walichojitengenezea cha kuongea wao kwa wao, na uzuri wake ulikuwa kwamba meseji zote zinahifadhiwa na zinatafutika. Mwishoni mwa 2020 Salesforce wakatangaza kuinunua kwa takriban dola bilioni 27.7. Kwa hiyo thamani ipo, tusibishe.

Kudumu ndiyo mtihani. HipChat, nayo ya kuchati kazini, ilikuwa na maofisi mengi duniani, ikazimwa Februari 2019. Workplace ya Meta ilianza 2016, na 2024 wakatangaza wanaifunga. Meta hao hao wenye WhatsApp! Hawakukosa pesa wala mafundi. Microsoft Teams yenyewe iliingia maofisini ikiwa kifurushi kimoja na Office, mtu anaikuta tayari ipo. Mimi wateja wangu siwaulizi tena ipi nzuri. Nawauliza, ikifungwa kesho mtatoka na nini mkononi? Wengi wananitazama tu.

KahawaChungu

Hapo pa kutoka na nini mkononi ndipo nilipolia mimi. Nina biashara ya kahawa ya kukaanga hapa Moshi, wateja karibu wote wanaagiza kwa WhatsApp Business. Kijana wangu wa mauzo ndiye aliyeanzisha ile namba. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole vyake na namba yake ya NIDA. Simu ilikuwa yangu, nilinunua mwenyewe na risiti ninayo. Tukakorofishana, akaniachia simu mezani kwa adabu kabisa, akaondoka. Jioni akachukua laini mpya ya namba ile ile kwa jina lake, akaifungua WhatsApp kwenye simu yake. Mimi nimebaki na kioo.

Mteja wa Dodoma ananipigia wiki ya pili: "Mbona kahawa yenu siku hizi imebadilika?" Wakati mimi sijamtumia chochote!

BukingiSakina

Jamani @KahawaChungu umenishtua, nimeenda kuangalia namba yetu ya ofisi sasa hivi. Imesajiliwa kwa jina la dada wa mapokezi aliyeolewa Mwanza.

Kwa upande wangu mjue tulipofikia: madereva wamebaki WhatsApp, nimeacha kuwasumbua. Kila mgeni ana ukurasa mmoja kwenye jedwali la ofisi. Jambo likikubaliwa kokote, aliyelikubali analiandika humo kabla ya kutoka kazini. Ile programu bosi bado anaingia, anajiandikia mwenyewe.

MangiWaRau

@KahawaChungu ile laini uliipata?

KahawaChungu

Baada ya wiki tatu, mangi. Baba wa yule kijana aliingilia kati, tukaenda na kijana mpaka dukani akaihamishia kwenye jina la biashara. Alinidai nauli ya kwenda na kurudi, na ya mzee.