Glasi nyembamba za mguu ao zile nene fupi? Nanunua Jumamosi

papa_wa_Kalubwe
Salamu wakubwa kwa wadogo. Jumamosi nanunua glasi za divai na nimebakiwa na aina mbili. Za kwanza ni nyembamba, mguu mrefu, tumbo pana, mdomo unajikunja kwa ndani, dola 6 moja. Za pili ni nene, fupi, mdomo wazi kama kopo la maji, dola 2, ukiiangusha ni kama inadunda. Nauliza kwa sababu wiki iliyopita mteja alirudisha divai nyekundu akisema inanuka. Je, glasi inabadilisha ladha kweli, ao ni ujanja wa wauza glasi? Nisaidieni haraka.

mama_mbabula
Papa, mteja wa wapi? Una mgahawa ao unauzia uani kwako? Glasi ngapi? Divai ya chupa ao ya kartoni? Na ilinuka nini? Kunuka kuna aina zake: moshi, samaki, sabuni, nguo iliyokauka vibaya. Umetuandikia bei peke yake.

mwana_Katuba
Nene. Usihangaike. Mimi nahudumia sherehe, arusi, matanga, vyote. Zile nyembamba zinavunjika hata ukizitazama vibaya. Mtu akishakula bukari, ugali wetu, na mbuzi wa kuchoma, hajui kama mdomo wa glasi umejikunja ao haukujikunja.

kizibo_kavu
Anajua sana, ila hajui kwamba anajua. Ulimi peke yake unashika mambo machache: sukari, uchachu, uchungu, chumvi, na ule utamu wa mchuzi wa nyama. Mengine mengi tunayoita ladha ya divai ni harufu, inapita nyuma ya mdomo na kupanda puani. Ziba pua, kunywa funda moja, kisha achilia pua, utaona.

Ndipo umbo linapopata kazi. Tumbo pana linaiachia divai nafasi ya kutoa mvuke, mdomo mwembamba unauzuia usitawanyike. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walipiga picha ya mvuke wa kileo juu ya glasi. Kwenye glasi ya divai, divai ikiwa na joto la nyuzi 13, kileo kilijikusanya ukingoni kama pete na katikati pakabaki pametulia, kwa hiyo pua inapata harufu ya divai bila kuunguzwa. Kwenye glasi iliyonyooka pete haikuonekana. Na divai ilipofika nyuzi 25, hata ile glasi nzuri ilipoteza pete yake.

Lakini sikutumi ukatupe pesa. Glasi ya kuonjea ya ISO, lile shirika la viwango la kimataifa, kiwango cha 1977, ni kitu kidogo cha mililita 215 hivi, na ndani yake wanamimina mililita 50 tu. Ileile kwa nyekundu, ileile kwa nyeupe.

Mzee_wa_Likasi
Glasi, glasi. Zamani tulisema bilauri. Nyinyi watoto wa sasa ni "vere" asubuhi mpaka usiku.

papa_wa_Kalubwe
Poleni, niliandika mbio. Ni terasi ya meza sita, mke wangu ndiye anayepika. Divai ni ya Afrika Kusini, ya chupa, zinapitia mpakani Kasumbalesa. Glasi nilizonazo zimebaki 9, tunazifudikiza ndani ya kartoni yao kule dipoo, yaani stoo. Mteja alisema inanuka "kama chumba kilichofungwa". Mimi nilionja, sikusikia kitu.

mama_mbabula
Ndani ya dipoo hiyo mna nini kingine?

papa_wa_Kalubwe
Makala ya moto, mafuta ya kupikia, vitunguu. Na ndakala, dagaa wakavu, magunia mawili.

mwana_Katuba
😂😂😂 Papa! Batu banalipa divai, we unabapatia na ndakala bure!

mama_mbabula
Usimcheke, na mimi yalinikuta. Acha niseme yote.

Mwaka 2019, arusi ya mdogo wangu, kule Kampemba. Tulikodi glasi 60 za mguu kwa mtu wa mtaani, zikaja zinang'aa. Tantine mmoja, kwa moyo mzuri kabisa, akaagiza zioshwe tena. Mabinti wakaziosha ndani ya beseni lililotoka kuoshewa samaki. Wakaona bado linanuka, wakatia Jik, ile dawa ya klori, tena si kidogo. Hawakusuuza sawasawa kwa sababu maji yalikuwa ya madumu na kila mtu alikuwa anayahesabu. Wakazifuta kwa kitambaa cha jikoni, wakazifudikiza juu ya kartoni iliyonyeshewa, pale pembeni ya mbabula, jiko la makala. Zikakaa hapo kuanzia saa nne mpaka jioni.

Upande wa bwana arusi, baba mkwe alikuja na chupa zake mwenyewe, alikuwa amezitunza kwa siku hiyo. Zikafunguliwa mbele ya watu. Akainua, akanusa, akaweka chini. Hakusema neno. Akaomba bia ya Simba. Ndugu zake wakamtazama, na wao wakaomba Simba, meza nzima. Mpaka leo upande ule wanasimulia kwamba divai yao ilibadilishwa njiani, eti kuna mtu wa kwetu aliyeficha ile nzuri.

Kesho yake tulikunywa zilizobaki, ndani ya vikombe vya chai. Divai tamu, ya ajabu. Nililia.

Kwa hiyo papa, kuonja kwako hakusaidii. Unashinda palepale kati ya makala na ndakala, pua yako imezoea, haikuambii tena. Mteja anatoka barabarani, anaisikia mara moja. Mpe glasi mtu ambaye hajaingia kwako siku hiyo. Anuse glasi tupu.

mwana_Katuba
Mmeona? Vikombe vya chai! Vinene! Nimesema tangu mwanzo.

kizibo_kavu
Vikombe vilikuwa safi, unene haukufanya kitu.

Papa, nyongeza mbili. Glasi iliyofudikizwa inafunga hewa ya mahali ilipo, na hewa hiyo inachacha humo. Zisimamishe wima, ndani ya kabati, funika na kitambaa safi kisicho na harufu ya sabuni. Kabla ya kumimina, zungusha divai kidogo ndani, mwaga, ndipo umhudumie mtu.

Ya pili, usiwe mwepesi kulaumu glasi. Kuna chupa zinazoharibika kwa kizibo, zina kitu kinaitwa TCA, kinanuka kartoni iliyoloa. Mimina chupa ileile ndani ya glasi tatu zilizotunzwa mahali tofauti. Zikinuka zote, ni chupa. Ikinuka moja, ni glasi. Chupa yako ilikuwa na kizibo ao kifuniko cha kuzungusha? Ya kuzungusha haina kizibo cha kulaumu. Na Jik uiweke mbali na dipoo: klori ikikutana na mbao ao kartoni, na ukungu ukaingia, TCA ileile inaweza kuzaliwa humo humo ndani.

sambaza_wa_Nguba
Nawasoma kutoka Bukavu. Huku kasiksi, pombe ya ndizi, ukiitoa kwenye kibuyu ukaitia ndani ya plastiki, wazee wanakuambia umeiua. Kumbe kuna sayansi?

Mzee_wa_Likasi
Hata munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Kibuyu kilichozoea munkoyo kinaipa kitu ambacho ndoo haiwezi kukipa. Ile harufu si uchafu.

kizibo_kavu
Mzee, hiyo ni kinyume kabisa na divai. Kibuyu kinatakiwa kukumbuka, glasi inatakiwa kusahau.

mwana_Katuba
Sasa mimi nauliza: divai nyekundu na barafu, dhambi ao si dhambi? Mwezi wa kumi hapa Lubumbashi, jua lile, chupa imekaa mezani saa moja inakuwa chai.

kizibo_kavu
Barafu inatia maji. Tia chupa ndani ya friji dakika 20 na uitoe. Wafaransa wakisema "joto la chumba" wanasema nyuzi 16 mpaka 18, vyumba vyao vya zamani vya mawe, si terasi ya Kalubwe mwezi wa kumi.

mwana_Katuba
Na umeme ukiwa umekatika, friji ni kabati. Kwa hiyo barafu ya mtu anayeuza kwa mfuko. Umeshanusa ile mifuko?

sambaza_wa_Nguba
Na Simba je? Rafiki yangu huko anasema bia ya Tembo ndiyo haihitaji glasi.

Mzee_wa_Likasi
Tembo kwenye glasi yenye mafuta inakufa povu papo hapo. Umwambie rafiki yako.

mwana_Katuba
Tembo na povu tena! Papa wa watu aliuliza divai.

papa_wa_Kalubwe
Nimerudi, leo Jumapili. Nyembamba zilibaki 11 tu, nimezichukua zote, na nene 6 za kuanzia. Glasi nimezihamishia sebuleni. Ndakala nilitaka zihame pia, mama watoto amekataa: anasema ndakala zilikuwa mule kabla ya divai, na zinauzika kuliko divai. Sikuwa na jibu.

mwana_Katuba
Zikivunjika unajua pa kunipata.

mama_mbabula
Na chupa ile, ilikuwa na kizibo ao ya kuzungusha? Hujajibu. Na mteja alirudi?